Mimba haikungoja kafyu iishe

Machi 2020 Kenya ilijifunza kusimamisha mambo. Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilitangazwa tarehe 13, na siku chache baadaye shule zikafungwa. Makanisa na misikiti ikafuata. Mechi ziliahirishwa, harusi zikasogezwa mbele, mazishi yakawa ya watu wachache. Machi 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wakenya wote tuliambiwa tungoje.

Wengi wetu tuliweza kungoja. Mwanafunzi alirudi darasani mwaka uliofuata. Waliopanga harusi walifunga ndoa baadaye, au wakaenda kwa mkuu wa sheria na mashahidi wawili. Lakini mwanamke aliyekuwa na mimba ya miezi minane hangeweza kuahirisha chochote. Mtoto hajui amri ya Rais.

Kafyu hiyo ilibadilishwa saa mara kadhaa lakini haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Hiyo ni karibu miezi 19. Piga hesabu: mwanamke angeweza kushika mimba, kujifungua, kushika nyingine na kujifungua tena, yote ndani ya kafyu. Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kila mwaka, na wengi wa mama zao ni wa rika letu, wale tuliosoma nao na tunaokaa nao ploti moja. Kwa hivyo tunapozungumzia wajawazito wakati wa corona, hatuzungumzii kikundi kidogo cha watu waliokuwa na bahati mbaya.

Msimamo wangu ni huu. Wakati wa janga lile, huduma za wajawazito zilipunguzwa kana kwamba ni jambo linaloweza kusubiri. Kisha wanawake waliojifungulia nyumbani wakaambiwa walichagua vibaya. Hawakuchagua. Kuchagua ni kuwa na njia mbili zinazopitika, na wengi wao walikuwa na moja tu. Tusipokubali hilo, janga lijalo litatukuta na makosa yale yale.

Tuanze na usiku, kwa sababu uchungu unapenda usiku. Muulize mkunga yeyote. Kwenye karatasi, ambulensi zilikuwa huru kutembea wakati wa kafyu, na mgonjwa mahututi aliruhusiwa kupelekwa hospitalini. Lakini mtaani watu hawaendi leba kwa ambulensi. Wanaenda kwa bodaboda, kwa tuktuk, kwa Probox ya jirani. Na hao wote walikuwa wamejifungia ndani.

Walikuwa na sababu. Siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga abiria kwenye kivuko cha Likoni kabla hata saa moja haijafika. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwendeshaji boda wa Mathare. Saa nane usiku unagongewa mlango: mke wa jirani ameshikwa na uchungu. Una karatasi gani ya kumwonyesha karao akikusimamisha? Utamweleza nini kabla rungu halijashuka? Jamaa aliyekataa kutoka usiku huo hakuwa na roho mbaya. Alihesabu hatari akaona inamzidi.

Hata mchana kulikuwa na kikwazo. Matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba wanane, na nauli ikapanda wakati ule ule watu walipokuwa wakipoteza kazi. Mama mboga aliyekuwa akienda kliniki kwa nauli ya kawaida alijikuta akichagua kati ya safari hiyo na unga wa ugali. Akiwa hajisikii vibaya, aliacha kliniki. Nani angemlaumu?

Juu ya hayo kulikuwa na woga wa hospitali yenyewe. Baadhi ya hospitali tulizozizoea, kama Mbagathi hapa Nairobi, ziligeuzwa vituo vya kuwatenga wagonjwa wa corona. Watu waliopelekwa karantini miezi ile ya kwanza walidaiwa gharama za kukaa huko hadi serikali ilipokubali kulipa Mei 2020. Mama mwenye mafua kidogo alijiuliza: nikienda kliniki nikakohoa, nitarudi nyumbani lini, na kwa bili ya nani?

Kuna watakaosema hayakuwa na suluhisho, kwamba janga ni janga. Si kweli, na ushahidi tunao. Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari wa uzazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliona jambo la ajabu baada ya kafyu kuanza: wajawazito waliofika hospitalini walipungua, lakini waliofika wakiwa na matatizo makubwa waliongezeka. Wengine walikuwa wamechelewa njiani. Yeye na wenzake, wakishirikiana na mashirika kama Amref, wakaanzisha mpango wa Wheels for Life mnamo Aprili 2020. Mama alipiga namba ya bure, 1195. Daktari alimhoji kwa simu, akapima uzito wa hali, kisha akatumiwa teksi yenye kibali, au ambulensi ikiwa mambo ni mabaya.

Hebu fikiria jinsi suluhisho lile lilivyokuwa rahisi: namba ya simu, daktari wa zamu, dereva mwenye kibali. Hakuna mtambo mpya ulionunuliwa kutoka ng'ambo. Ikiwa daktari kijana aliyekuwa bado masomoni aliweza kuliona pengo hilo ndani ya wiki chache, kwa nini waliopanga kafyu hawakuliona kabla ya kuitangaza? Jibu langu ni kwamba katika chumba kilichopangiwa kafyu, swali la "anayejifungua saa nane usiku atapita wapi" halikupewa uzito.

Tugeukie kliniki yenyewe, kwa maana hapa ndipo vijana wengi hatuelewi kilichopotea. Ukimuuliza kijana wa kiume kliniki ya wajawazito ni ya nini, atakuambia ni kupima mtoto. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kliniki ni kutafuta hatari ambazo mama hazihisi.

Chukua kifafa cha mimba. Kinaanza na presha kupanda na protini kuonekana kwenye mkojo. Mama anaweza kuwa anafua nguo, anapika, anacheka na majirani, na presha yake imeshafika pabaya. Dalili kama maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza na uso kuvimba zinaweza kuja kwa kuchelewa, na baada yake degedege. Kipima presha na kijiti cha kupima mkojo vinatosha kugundua tatizo mapema. Upungufu wa damu ni hivyo hivyo: mama mwenye damu kidogo anaweza kuuvumilia ujauzito wote, lakini akivuja damu baada ya kujifungua hana akiba ya kumwokoa. Kliniki ndiko anakopata vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda, na anapopimwa HIV na kaswende ili mtoto asiambukizwe. Pwani na maeneo ya Ziwa Victoria, ndiko anakopewa dawa ya kuzuia malaria na neti. Na ndiko anakojua kama mtoto amelala vibaya, ili apange mapema hospitali ya kwenda badala ya kugundua tatizo akiwa sakafuni kwake usiku.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane. Kwetu lengo tulilolizoea ni mara nne. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 98 ya wanawake waliojifungua walihudumiwa na mtaalamu angalau mara moja, lakini waliofikisha mara nne walikuwa asilimia 66 pekee. Maana yake, hata bila virusi mpya, mwanamke mmoja kati ya watatu hafiki mara nne. Mfumo wenye ufa kama huo ukiupunguzia siku za kliniki, unaowapoteza kwanza ni wale waliokuwa wakining'inia pembeni.

Simu ilisaidia, na sitaki kuidharau. Mama anaweza kuulizwa kwa simu kama mtoto anacheza, kama ametokwa na damu, kama anameza vidonge vyake. Anaweza kukumbushwa tarehe kwa ujumbe mfupi. Ziara mbili tatu zikigeuzwa simu ili kupunguza foleni, hiyo ni busara. Lakini simu haipimi presha wala mkojo. Simu ilifaa kama njia ya kujua nani aje upesi, si kama kisingizio cha kumwambia asije.

Sasa tufike kwenye neno linalonikera: chaguo. Mwaka ule nilisoma na kusikia mara nyingi kwamba wanawake "wameamua kurudi kwa wakunga wa kienyeji". Wengine walishangilia, wakisema mababu zetu walizaliwa hivyo na wakaishi. Wengine walikemea, wakisema hawa ni washamba. Makundi yote mawili yalikosea mahali pamoja, kwa kudhani kwamba mama alikaa chini akapima hospitali na nyumbani.

Linganisha na Uingereza. Kule mjamzito asiye na matatizo anaweza kuchagua kujifungulia nyumbani, na huo ni uamuzi halali unaoheshimiwa. Lakini anayekuja nyumbani kwake ni mkunga aliyesajiliwa, mwenye dawa ya kuzuia kuvuja damu na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, na ambulensi iko umbali wa simu moja. Corona ilipofika na ambulensi zikaelemewa, baadhi ya hospitali za kule zilisimamisha huduma ya kujifungulia nyumbani. Walisema bila ambulensi ya uhakika, nyumbani si salama vya kutosha. Kwetu ilikuwa kinyume: wanawake walibaki nyumbani kwa sababu ambulensi haikuwepo. Kitendo kinaonekana kimoja, lakini mmoja alikuwa na pa kukimbilia na mwingine hakuwa.

Mkunga wa kienyeji naye tumtendee haki. Katika Kibera na Mathare, usiku wa kafyu, yeye ndiye aliyefungua mlango. Anaishi ploti ya pili, hahitaji kibali, anamwita mama "mwanangu" na hamfokei. Hayo si mambo madogo. Wanawake wengi wanaogopa leba za serikali kwa sababu ya matusi, si kwa sababu ya sindano. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini, kisha akatukanwa na kuchapwa na wahudumu, alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Kisa chenyewe kilitokea mwaka 2013, miaka saba kabla ya corona. Mama aliyesikia habari kama hizo hakuhitaji virusi ili aiogope hospitali.

Lakini heshima haizuii damu kuvuja. Kuvuja damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama mwenye afya kwa muda mfupi, na mkunga wa kienyeji hana dawa ya kukuzuia, hana damu ya kumwongezea, hana chumba cha upasuaji. Tunachohitaji si kumfukuza wala kumsifu kupita kiasi. Tunahitaji njia ya tatu: wakunga waliosomea, waliosajiliwa, wanaofanya kazi karibu na watu, wenye dawa na simu inayopokewa upande wa pili. Tuna vijana wengi waliofuzu uuguzi na ukunga ambao hawana ajira. Na tangu 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii karibu 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Hao wanawajua wajawazito wa mtaa wao kwa majina. Wakiunganishwa na mkunga mmoja wa zamu katika kila wadi, janga likija hatutaanza kwa kuuliza mama yuko wapi.

Kuna jambo jingine lililopunguzwa kimyakimya: mtu wa kumshika mkono. Hospitali nyingi zilipiga marufuku wageni, na mume, mama mzazi au dada akaachwa langoni. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kila mwanamke, hata aliye na Covid-19, ana haki ya kuwa na msindikizaji anayemtaka wakati wa kujifungua. Msindikizaji si mapambo. Wodi ikiwa na muuguzi mmoja na akina mama kumi, yeye ndiye anayeona shuka imelowa damu na kuita msaada. Ila tuseme ukweli wote: katika leba nyingi za umma hapa kwetu, baba alikuwa akifungiwa nje hata kabla ya corona. Corona iliwapa tu sababu nzuri ya kuendelea.

Najua kuna anayesoma hapa akisema: wewe unasahau hali ilivyokuwa. Sisahau. Wahudumu wa afya walikuwa wakiugua na kufa. Dkt Stephen Mogusu alifariki kwa Covid-19 Desemba 2020 akiwa na miaka 28, bila bima ya afya na akidai mishahara ya miezi kadhaa. Mwezi huo huo wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Walikuwa na haki kudai. Kupunguza msongamano hospitalini kulikuwa na mantiki, na Wizara ya Afya yenyewe ilitoa mwongozo Aprili 2020 wa jinsi ya kuendeleza huduma za uzazi wakati wa corona.

Ila mwongozo kwenye tovuti ya wizara hauwezi kumpitisha boda kwenye kizuizi cha polisi. Na muuguzi asiye na glavu na barakoa hawezi kumlinda mama asiyelindwa yeye mwenyewe. Usalama wa mjamzito na mshahara wa muuguzi ni jambo moja. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba tulipaswa kuchagua kati ya kupambana na virusi na kuwatunza wajawazito. Tulishindwa yote mawili mahali pale pale: hatukumpa mhudumu wa chini alichohitaji.

Na usidhani haya ni ya zamani. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Katikati ya mgomo huo mvua ikanyesha hadi nyumba za Mathare zikasombwa na barabara zikakatika. Hakukuwa na kafyu wala virusi, lakini mjamzito alibaki na swali lile lile: niende wapi, kwa njia gani, nitamkuta nani? Oktoba mwaka huo bima ya NHIF ikaondoka na mpango wa Linda Mama, uliolipia kujifungua tangu 2016, ukaingizwa chini ya SHA. Sasa dada anayefua nguo za watu Kayole anatakiwa awe amelipa michango yake ndipo kujifungua kwake kulipiwe. Kwa mtu wa kipato cha leo kwa leo, hicho ni kizuizi kingine barabarani, ila hakina polisi.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya huduma bora ya afya, ikiwemo afya ya uzazi, na kwamba hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Haisemi "isipokuwa wakati wa janga". Kwa hivyo kaunti ziandike, kabla ya dharura ijayo, mambo machache yanayoeleweka: namba moja ya simu inayopokewa usiku, madereva wa mtaa wenye vibali vilivyotolewa mapema, kituo katika kila eneo ambacho hakitageuzwa wodi ya wagonjwa wa janga, idadi ya ziara za kliniki ambazo haziruhusiwi kufutwa, na ruhusa ya msindikizaji mmoja. Vikao vya umma vya bajeti hufanywa kila mwaka na vijana hatuendi. Twende, tuulize: ambulensi ya wadi yetu iko wapi, na saa nane usiku nani anaiendesha?

Nanyi vijana wa kiume, msingoje kaunti. Kama mwenzako ana mimba, soma kijitabu chake cha kliniki na ujue tarehe zake. Ujue dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza. Mojawapo ikitokea, ni hospitali mara moja, si kungoja asubuhi. Panga usafiri mapema, weka akiba ya nauli, ujue namba za madereva wawili, si mmoja.

Siku nyingine serikali itatangaza tena kwamba kila kitu kisimame. Huenda ikawa na sababu nzuri. Usiku huo huo, mahali fulani Mathare, Likoni au Lodwar, mwanamke atashikwa na uchungu. Kama barabara yake ya kufika leba haijapangwa kabla ya tangazo hilo, itakuwa tumeshachelewa.